Mpira wa Nne wa Mwalimu Glenys

Jumatano, 12 Machi

Nimepima mdomo wa chupa ya supu. Kitunguu kikubwa kimepita. Chungwa limepita. Mpira wa kriketi ni mdogo kuliko chungwa lile. Mambo yameiva!

Mke wangu Noreen ameingia jikoni na kuuliza kitunguu chake kinatafuta nini ndani ya chupa. Nimemwambia hiyo ni sayansi. Akasema basi sayansi ikimaliza ikimenye, maana yeye anataka kupika.

Niandike wazi, daftari hili halisomwi na mtu. Nimeifuata timu ya Tasmania kwenye mashindano ya Ngao kwa misimu ishirini na sita. Mechi za siku nne nne, mvua, upepo, vipigo. Nimekuwepo. Nina nini cha kuonyesha? Kifungo. Kilidondoka kwenye koti la mwamuzi. Mwaka jana nilikiweka kwenye meza ya kumbukumbu, kwenye chakula cha mchana cha mashabiki. Mtu akadhani kimepotea, akakishona kwenye shati lake.

Mwalimu Glenys Pybus ana mipira mitatu. Mitatu! Juu ya kitambaa cha kijani, kila mmoja na kadi yake. Ameipataje? Kwa kurudisha. Mpira ukipigwa ukaangukia jukwaani ni lazima urudi uwanjani, maana ni huohuo unaochezewa hadi uchakae. Yeye huurudisha papo hapo, kama anayemrudishia mtoto daftari. Wachezaji wanampenda. Kila baada ya miaka kadhaa wanampa mmoja zawadi.

Njia ndefu mno. Mimi nina miaka sitini na minne. Mechi ya mwisho nyumbani inaanza Jumamosi. Sitaondoka mikono mitupu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefanya utafiti. Nimepitia mapigo yote makubwa ya msimu huu pale uwanjani kwetu, yale ya kuruka mpaka bila kugusa chini. Thelathini na moja. Kumi na manne yameangukia jukwaa la kusini, kati ya mstari wa nne na wa tisa. Kwa hiyo mtu mwenye akili anakaa mstari wa sita.

Tatizo dogo. Mstari wa sita, kiti cha kumi na nne, ndiko anakokaa Mwalimu Glenys. Viti elfu mbili vitupu na amechagua hicho. Nitawahi. Fundi funguo mstaafu kama mimi hashindwi na mlango wowote.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefika getini saa moja kabla ya mchezo. Mwalimu Glenys alikuwa ameshakaa. Mto wa kukalia, kalamu za rangi nne, kitabu chake kikubwa anachoandikia kila mpira unaorushwa. Akanisalimia. Akauliza kama nimepotea njia, maana kiti changu kiko jukwaa la kaskazini tangu enzi za mababu. Nikasema nabadilisha hewa. Nikakaa kiti cha kumi na sita.

Wageni wetu ni Victoria, watu wa Bara la Australia, wamevuka maji kuja kisiwani kwetu na maringo yao yote. Watazamaji: kumi na mmoja. Shakwe uwanjani: wasiopungua mia mbili.

Baada ya chakula cha mchana, pigo kubwa! Mpira ukapaa. Ukaenda kaskazini. Nilichukua darubini kuhakikisha. Umeangukia kiti changu. Si karibu nacho. Kiti chenyewe, kilichobeba makalio yangu miaka ishirini na sita.

Mwalimu Glenys hakuinua hata uso. Alisema, kalamu ikiendelea, kwamba maskini kiti, kimenikumbuka.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi kaskazini. Mtu anajifunza.

Mapigo makubwa mawili. Yote kusini. La pili liliangukia mto wa Mwalimu Glenys. Akaurusha mpira uwanjani, akapigiwa makofi na wachezaji, akaandika kwa kalamu ya buluu. Hata Tobin Haddrick, mrushaji wetu wa kasi, alimpungia mkono.

Nilikula pai mbili za kombe wa baharini, zenye mchuzi wa bizari, kwa hasira. Bizari imenimwagikia shatini.

Jumatatu, 17 Machi

Noreen amekuja uwanjani! Mara ya kwanza msimu huu. Ameniletea koti, kisha akakaa, kwa kuwa upepo ulimzuia kurudi.

Akauliza kwa nini vijana wale wanausugua mpira kwenye suruali kama wamemwagikiwa mchuzi. Nilimfundisha. Nilikuwa katika kilele changu. Nikamwambia mpira huzeeka, na uzee wake ni mali. Upande mmoja unaachwa ukwaruzike, upande wa pili unang'arishwa kutwa nzima. Ukishafika umri wa ova sitini hivi, kila ova mirusho sita, ukikutana na mkono unaojua, unaanza kukata kona hewani. Timu nzima inaulea kama mtoto mchanga. Mpira wa namna hiyo una thamani kuliko wachezaji wawili.

Noreen akasema kumbe ukipotea ni msiba.

Nikasema msiba mkubwa! Mke wangu ana akili akikaa karibu nami.

Hali ya mchezo: kesho Victoria wanahitaji mikimbio, yaani alama, mia mbili tisini na moja. Tukiwatoa wapigaji wao kumi kabla hawajaifikia, tunaingia fainali ya Ngao. Sare haitoshi. Haddrick ana miaka ishirini na mitano na hajawahi kucheza fainali. Anasema nyumbani kwao wameshakata tiketi za kwenda kumwona fainali.

Mimi nimeamua kurudi kusini. Kiti cha kumi na sita. Moyo unaniambia.

Jumanne, 18 Machi

Baridi. Mlima umevaa wingu hadi mabegani, upepo wa kusini unaingia bila hodi. Noreen ameijaza chupa supu ya boga. Nikamwambia leo naihitaji tupu. Akasema mwanamume wa umri wangu akionekana amekumbatia chupa tupu uwanjani, ataulizwa anaishi wapi.

Hadi alasiri tulikuwa tunakufa. Victoria mia moja themanini, watatu tu ndio wametolewa. Kisha mpira ukakomaa. Haddrick akaushika, na ule mpira ukamtii kama paka aliyesikia bakuli. Unakwenda nje, unabadili mawazo, unaingia ndani. Mmoja katoka. Wa pili. Wa tatu. Watano ndani ya saa moja! Victoria mia mbili thelathini na sita, wamebaki wa kutolewa wawili. Watazamaji kumi na mmoja tumesimama. Mwalimu Glenys amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Sijawahi kumwona akiacha kuandika.

Akaja Ruddick. Mrushaji wao, si mpigaji, mtu wa kufumba macho na kuomba Mungu. Akafumba. Akapiga.

Ukaja kusini! Ukagonga mgongo wa kiti mstari wa tano, ukaruka, ukadunda, ukaviringika chini ya viti, ukasimama katikati ya viatu vyangu. Sikuufuata. Umenijia wenyewe, kama mgeni mwenye anuani.

Nikauokota kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Mfuniko wazi. Mpira ndani.

Chubwi!

Supu. Nilikuwa nimeisahau supu.

Akapanda mchezaji mmoja, akauliza: mzee, umeuona? Nikamwonyesha viti vya chini kabisa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama. Cha uvunguni hakikuwepo. Wakaja wawili zaidi wakatambaa. Mwisho akaja Haddrick mwenyewe, jasho linachuruzika kwenye baridi ile. Akasema, mzee wangu, tafadhali, nautafuta mpira ule, ulikuwa umeshanielewa.

Hapo kitu kilinisogea kifuani. Nakiri. Nilifikiria kwa makini. Lakini mpira ulishaogelea kwenye boga dakika nne. Ngozi imelowa. Nirudishe kitu kilichoharibika? Mimi si mtu wa namna hiyo. Nikamshauri ajaribu mtaro.

Akavuta pumzi. Akasema kuna kitu kinanukia vizuri hapa. Nikamwambia mke wangu anajua kupika.

Mwamuzi akaleta kisanduku cha mipira ya akiba. Akachagua mmoja, eti wa umri uleule. Umri upi! Ulikwenda umenyooka kama rula. Haddrick alirusha, alirusha, alirusha. Ruddick sasa alikuwa anafumbua macho. Ova ya sabini na tisa, kazi kwisha. Victoria wameshinda. Hakuna fainali.

Haddrick alikaa kwenye nyasi katikati ya shakwe, akavua kiatu kimoja, akabaki kukitazama.

Kosa ni la mwamuzi. Mtu asiyejua kuchagua mpira asipewe kisanduku. Nitaandika barua.

Jumatano, 19 Machi

Mpira wangu! Nimeuosha kwa sabuni ya vyombo mara tatu. Umevimba kidogo. Upande mmoja una rangi ya machungwa. Nimeuanika dirishani, ni mzuri kuliko jua.

Tatizo dogo. Siwezi kuuonyesha kwa mtu yeyote. Yeyote! Timu nzima iliutafuta kwa magoti. Nyara isiyoonyeshwa ni jiwe tu.

Saa nne asubuhi hodi mlangoni. Mwalimu Glenys, kitabu kwapani, sahani ya lamington, vikeki vya chokoleti na nazi, mkononi. Nikatupia taulo dirishani. Akaketi, akafungua ukurasa wa jana. Kando ya pigo la Ruddick, kwa kalamu nyekundu, herufi mbili: N.T. Neville Tasker. Chini yake ameichora chupa. Imechorwa vizuri, hadi mpini.

Alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Nilisahau hilo nalo.

Akasema hatamwambia mtu. Ila mpira uende kwa anayejua kuutunza. Nikamuuliza kama huo si unyang'anyi. Akasema shuleni waliita kukusanya madaftari. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja palepale jana. Akasema alipoinua macho kutoka kitabuni alisikia chubwi, akajua mpira umeshakufa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua azikwe Haddrick peke yake, au na mimi nizikwe pamoja naye.

Akaondoka nao umefungwa kwenye leso. Lamington tatu kachukua Noreen.

Jumamosi, 22 Machi

Chakula cha mchana cha mashabiki. Meza ya kumbukumbu. Mimi nimeweka unyoya wa shakwe, wenye tarehe. Mwalimu Glenys, mipira minne. Kadi ya nne imeandikwa: Mpira uliopotea. Aliyeupata hakutaka kutajwa.

Hakutaka! Nilitaka sana! Watu wakauzunguka. Wakakisia. Mmoja akasema aliyeupata lazima ni mtu mwenye macho makali. Nilinyoosha mgongo. Mwingine akasema au ni mpumbavu mkubwa. Nikauinamisha.

Haddrick akaja. Akauinua. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, akautambua, kila mtu aliona. Kisha akaunusa.

Boga, akasema.

Akautazama mpira, akatutazama mmoja mmoja. Na mimi, kwa bahati isiyo na adabu, ndiyo kwanza nilikuwa namimina supu kutoka kwenye chupa yangu. Mwalimu Glenys akakohoa kikohozi cha darasani.

Haddrick akaja hadi mezani kwetu. Noreen akanishika goti. Nilidhani ngumi inakuja. Akainama, akaniambia polepole, sikioni: mzee, msimu ujao njoo na mkate. Akarudi, akauweka mpira juu ya kitambaa, kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Njiani kurudi, tulipofika daraja la mto, Noreen akasema yule kijana wazazi wake walikuwa wamekata tiketi. Nikasema tiketi hurudishwa. Akageukia dirisha la gari.

Jumapili, 23 Machi

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri. Nimetafakari kosa langu kwa unyofu, na nimelipata.

Kosa halikuwa kuchukua. Kosa lilikuwa kuwaachia watu pengo! Ningewarushia mpira mwingine, nani angejua? Haddrick angeendelea kurusha. Fainali tungeingia. Kila mtu angeondoka na mpira wake. Akili ya kawaida kabisa, na kwa misimu ishirini na sita hakuna aliyeifikiria.

Nimetoa mpira wa zamani wa kaka yangu kutoka stoo. Upande mmoja nausugua kwenye saruji ya uani. Upande wa pili naung'arisha kwa suruali ya kanisani. Msimu mpya unaanza Oktoba, kufikia hapo utakuwa na umri unaofaa. Noreen amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ameuliza ninafanya nini tena. Nimemwambia naisaidia timu.

Na nimemwomba kitu kimoja, kwa upole. Msimu ujao, aachane na boga. Supu ya viazi haina harufu.