Gego la Kulia na Foleni ya Wazee

Jumatatu, 4 Machi
Gego la chini, upande wa kulia, limeanza tena. Shavu limevimba. Mke wangu kaniambia niende kliniki ya chuo cha meno: wanafunzi wanatibu bure, mwalimu wao akiwasimamia. Nikamuuliza habari hizo kazitoa wapi. Kwa kaka yake! Shemeji kinyozi, bwana mjua yote. Aling'olewa jino huko mwaka jana, na tangu hapo anatabasamu kama aliyeshinda uchaguzi. Siendi. Fundi redio mzima, nifanyiwe mazoezi mdomoni kama daftari la hesabu? Halafu kuna foleni, tena ya alfajiri. Nina akili zangu.

Jumanne, 5 Machi
Akili zimefanya kazi. Hospitali kubwa inatibu wazee bure kila Jumatano, meno yakiwemo. Mimi nina miaka arobaini na minne. Shida ndogo! Poda ya mtoto kichwani, koti la marehemu baba, mgongo nikaupinda. Nikamwonyesha mke wangu. Akanitazama, akaendelea kukunja nguo. Mtazamo ule unauma kuliko jino.

Jumatano, 6 Machi
Mwanzo ulikuwa mtamu. Nesi kaniita babu, kanishika mkono, kanipa kadi ya mwisho ya meno. Mzee mmoja, mshona magunia, akanipisha kwenye kiti. Alisema naonekana kuumwa kuliko yeye. Nikakaa.
Kisha joto. Poda ikawa uji, ikatiririka shingoni. Na benchi la nyuma kakaa nani? Shangazi wa mke wangu! Akapaza sauti ukumbi mzima: "Mzee gani huyu? Mimi nimecheza kwenye harusi yake nikiwa na wajukuu tayari!"
Watu wakavunjika mbavu. Nesi hakucheka. Aliniambia polepole kwamba yule mshona magunia alikuwa anafuata baada yangu, na kwa kuwa kadi zimekwisha, ameambiwa arudi wiki ijayo. Nikatoka mbio kumtafuta. Barabara nzima, hayupo.
Tuyaache hayo.

Alhamisi, 7 Machi
Duka la dawa. Nilijitambulisha kama daktari, nikaomba sampuli za dawa ya jino kwa ajili ya wagonjwa wangu. Muuzaji akauliza mimi daktari wa nini. Nikasema wa ndani. Akauliza ndani ya nini. Nimerudi mikono mitupu. Jicho la kulia halifunguki. Mate hayamezeki.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Nimepelekwa kule kule kwa wanafunzi. Homa ilinipanda, miguu ikagoma, mke wangu akamwita kaka yake. Shemeji kafunga saluni, kaenda alfajiri kunishikia nafasi kwenye foleni, kisha karudi kunichukua.
Aliyening'oa ni binti mdogo kabisa. Alishika koleo kwa mkono uliotulia kama wa fundi. Mwalimu wake akatazama usaha, akasema ulikuwa njiani kwenda shingoni. Siku mbili zaidi, alisema, angekuwa anazungumza na mke wangu, si na mimi.
Nilimkuta mke wangu kwenye korido, analia kimya kimya, uso ukutani. Akasema, "Ungeniachia watoto kwa sababu ya kiburi tu." Mdomo ulikuwa na ganzi; nikampa leso yangu.
Shemeji alinibebea koti mpaka nyumbani. Hakunisema hata neno moja. Dharau gani hii!

Jumatano, 13 Machi
Uvimbe umekwisha. Nimemwapia mke wangu kwamba ujanja basi. Akaniamini, maskini, hata akacheka kidogo.
Jioni shemeji kaja kunijulia hali. Kaniona nahangaika na waya wa redio, nausogeza karibu, nausogeza mbali. Akasema kituo cha afya cha mtaani kinapima macho bure Jumamosi, na miwani wanatoa kwa bei ya chini. Mtu anapanga foleni tu, basi.
Kupanga foleni! Ndiyo akili ya kinyozi hiyo. Kipofu nani amempangisha foleni? Si anashikwa mkono moja kwa moja mpaka kwa daktari? Miwani nyeusi nimeshaazima kwa jirani. Kesho, mke akienda sokoni, naanza mazoezi ya kugonga kuta.