Mtungi Wako Kwenye Sabili ya Mama

Hail, Maskat

Kwa Daktari Shatha, mjukuu wa marehemu ndugu yangu Marhoon, na kwa hivyo mjukuu wangu, hata leo ninapojutia udugu huo,

Assalaam alaykum. Bado nipo hai, kwa muda ambao daktari wangu wa moyo anauona mfupi. Mkono wangu hautulii, kwa hivyo mimi nasema, naye Winifrida, mtunzaji wangu, anaandika. Nna malalamiko juu ya mtungi wa kuchujia maji ulioufunga kwenye sabili ya mama, ule mfereji wa sadaka nilioutoa nje ya ukuta ili wapita njia wanywe na thawabu zimfikie marehemu. Kwa miaka thelathini na moja watu wamekunywa pale bila ya kumhitaji mwenye shahada.

Kwanza. Unadai mtungi huo wa udongo umetiwa chembe za fedha, ndogo hata maelfu yake yakipangwa hayazidi unene wa unywele, na kwamba ndizo zinazoua vijidudu. Niliomba nioneshwe moja, ukacheka. Fedha sisi tunaijua: hukaa kwenye khanjari ya kiunoni na kwenye mguu wa bibi arusi, na huonekana. Katika ukoo wetu aliyedai kufanya kazi bila ya kuonekana alikuwa babu yako Marhoon, na hakupandishwa cheo hata mara moja.

Pili. Maji yamepoteza ladha. Zamani dereva wa lori alikunywa nusu kikombe, akashukuru, akaondoka. Sasa wanakuja na madumu na kupanga foleni mpaka gari yangu haitoki. Sadaka haikukusudiwa kupendwa kiasi hicho.

Tatu. Umebandika karatasi ya maabara chini ya jiwe lenye jina la mama, kwa lugha tatu ili asikose mtu: kabla ya mtungi, maji yana kinyesi; baada ya mtungi, ni salama. Hiyo "kabla" yako, bint yangu, ni miaka thelathini na moja. Nilikuwa nikimpelekea mama kitu gani kaburini?

Nne, na kwa hili nataka jibu la maandishi. Ama uondoe mtungi, maji yarudi kama zamani na pasiwe na cha kulinganisha, ama unipe cheti kwamba yalikuwa safi tangu mwanzo. Mimi mtu wa kufa. Siwezi kwenda na karatasi ile.

Sababu ya uchafu huo sijapata kumwambia mtu, na leo naisema. Tulipochimba kisima cha sabili, fundi Khattab alipima akaniambia shimo la choo liko hatua tisa tu kutoka kisimani, lihamishwe. Pa kulihamishia palikuwa mahali pamoja tu, na hapo nilikwisha kujenga majlisi mpya, ukumbi wa wageni, na arusi ya kufanyika humo ilikuwa wiki ya pili yake. Nikachagua majlisi. Harufu nikaiita madini. Mwenyewe nimekunywa maji ya chupa, kutoka friji ya chumbani, kila siku. Winifrida alipofika nilimwambia anywe ya sabili, yana baraka. Mwaka mzima tumbo lilimsumbua, nami nikamwita mvivu. Siku moja akaniuliza, "Babu, mbona wewe huyanywi?"

Nilimwambia afunge mlango.

Nakisubiri cheti. Nisalimie wote wa Bawshar: mama yako Muhsina, Afra na watoto wake, na mumeo, ambaye angalau hana utafiti.

Babu yako, mwenye majlisi,
Zahor

Baada ya sahihi: Alipokwisha kuandika barua hii, na lile swali lake ndani yake, Winifrida aliweka kalamu akatoka. Nilidhani hatarudi. Amerudi na gilasi mbili za maji ya sabili, moja yake na moja yangu. Nimeimaliza yangu. Usiuguse mtungi, wala karatasi. Ulisema chembe zako nazo huchoka, na sababu ya uchafu, lile shimo la choo, bado ipo pale pale. Basi usiziachie kazi yangu. Lete mafundi Jumamosi. Waanze kwa kuvunja majlisi.