YAH: Bibi Wilhelmina Hakumuua Mumewe

Teodora Elias,
Mirongo,
Mwanza.
14 Novemba 1994

Mhariri,
Gazeti la Fununu za Nyanza,
Mwanza.

Ndugu Mhariri,

Hapa kwetu tu wazima, isipokuwa mimi nimechoka, na uchovu huo ndio ulioshika kalamu. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni. Ukiona mstari umepinda usidhani nimekunywa, ni Shimba amenipiga teke.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimesoma mpaka darasa la saba, na nakata minofu ya sangara katika kiwanda cha samaki. Mume wangu ni Elias, aliyepunguzwa kazini mwaka juzi. Wewe unamfahamu kwa jina lingine. Katika ukurasa wako wa “Damu ya Zamani” anajiita Mpelelezi E. wa Mirongo.

Naomba ieleweke kwamba sina ugomvi na mambo ya kale. Hata zamani watu walichunguza vifo vya zamani, tena kwa adabu. Kwetu Misungwi alikuwepo katekista mmoja, Mzee Antoni, marehemu sasa. Akitaka kujua nani alichoma zizi la fulani enzi za Mjerumani, alikuja kwako wakati wa kulima, akalima. Wakati wa kuvuna alikuja, akala. Mwaka uliofuata ndipo aliuliza swali moja, huku akitazama mbuzi. Ukimjibu, alikwenda nalo jibu lake nyumbani, na ndiyo hivyo amezikwa nalo. Huo ulikuwa utafiti, na hakuna aliyepandwa na presha.

Sasa soko huria limefika mpaka kwa maiti. Kila mwenye redio kaseti iliyotoka Dubai ni mpelelezi. Mashine ya fotokopi imefunguliwa huku mtaani kwetu, na gazeti lako linatoa fulana kwa kila muuaji wa zamani anayepatikana, hata kama marehemu alikufa kwa kuhara. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Karanga. Mwenyekiti wa klabu ya wapelelezi ya akina Elias, anaitwa Owiti, siku moja alinunua karanga sokoni akakuta zimefungiwa karatasi yenye muhuri wa mahakama, na ndani yake nusu ya hukumu ya mwizi wa ng'ombe. Tangu siku hiyo klabu nzima inanunua karanga ili isome vifungio. Karanga zenyewe zinamwagwa katika beseni langu la kuogeshea mtoto. Nusu ya pili ya hukumu haijapatikana. Sisi tunakula mchicha kwa karanga, uji kwa karanga, na karanga kwa karanga. Juzi nilimtuma Elias sukari, akarudi na karanga, akaniambia, “Mke wangu, vumilia kidogo, huyu mwizi tunakaribia kujua kama alifungwa.”

2. Maiti. Siku hizi haitoshi kusimulia tukio, lazima liigizwe, kwa kuwa ukurasa wako uliagiza hivyo. Wanaigiza uani kwangu, chini ya kamba ya nguo. Binti yangu Rebeka, ambaye hata shule hajaanza, ndiye amepewa kazi ya kufa, maana ni mwepesi kubebwa. Amekuwa hodari. Nikimwita kuoga analala chali, jicho moja wazi, ananiambia, “Mama, maiti haiguswi mpaka polisi waje.” Nimemlea mtoto huyu kwa shida, Ndugu Mhariri. Sikumlea awe marehemu.

3. Hakuna anayeruhusiwa tena kufa kwa ugonjwa. Tulipata msiba wa mzee jirani yetu, mtu wa umri mkubwa, aliyekufa kitandani kwake huku wanawe wote wamemzunguka. Owiti alikwenda kutoa pole akiwa na redio begani. Akapiga magoti mbele ya mjane, akasema, “Mama, pole sana. Nani alikuwa wa mwisho kumwona marehemu akiwa na hamu ya kula?” Mjane akamwambia ni wewe hapo, ulikula na sahani yake. Owiti hakucheka. Aliandika.

4. Sasa nafika kwenye kidonda.

Bibi Wilhelmina ni mama yake mzazi baba mkwe wangu, yaani bibi yake Elias. Tunakaa naye. Mimi nikiwa kiwandani yeye ndiye anayebaki na watoto, na Shimba halali mpaka asikie sauti yake. Mume wake, Babu Ndalahwa, alikuwa karani wa mzani kwenye kituo cha kununulia pamba, zamani kabla ya Uhuru, na mzani wake ulikuwa na tabia ya kupunguza pamba ya mtu maskini. Siku moja katika msimu wa pamba alikula chakula cha jioni, akalala, hakuamka. Watu walisema mzani umemrudia. Wakamzika, mambo yakaisha.

Sijui kwenu ni wapi, Ndugu Mhariri, lakini hata kwenu lazima kuna bibi, na lazima anakuita mume wake. Wetu naye ni hivyo hivyo. Elias akiingia tu, utasikia, “Karibu mume wangu, huyu mwenzangu amekunyima nini leo?” Mimi ananiita mke mwenza. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo nyumba inavyopata moto.

Basi Elias alimwekea redio mbele, akamuuliza Babu alikufaje. Bibi akafanya kama tulivyomzoea. Akasema, “Yule mzee alikuwa anakoroma, na meno hana. Nilimmaliza mwenyewe kwa ugali ili nibaki na wewe, mume wangu. Na huyu Teodora naye nimeshamwekea wake, akae chonjo!” Akambana Elias shavu. Mimi nilikuwa jikoni, nikamjibu kwa sauti, “Bibi, sumu yako imekwisha nguvu! Naila mwaka wa tatu huu, nanenepa tu!” Tulicheka mpaka Shimba akashtuka.

Ndugu Mhariri, wewe ulichapa hivi: AJUZA AKIRI: “NILIMMALIZA NIOLEWE NA KIJANA.” Na chini yake, kwa herufi ndogo: Shahidi wa pili athibitisha kulishwa sumu miaka mitatu.

Shahidi wa pili ni mimi.

Nilipomuuliza Elias kama hakujua kwamba ule ni utani, alisema alijua. Lakini masharti ya ukurasa wako ni kwamba maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, na kubanwa shavu siyo neno. Alilipeleka suala hilo klabuni, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Owiti akahitimisha kwamba kaseti haijui utani. Elias hakunyoosha mkono upande wowote, na anaona hilo ni jambo la kujivunia.

5. Baada ya gazeti kutoka, katika jumuiya yetu ndogondogo akina mama wameanza kumwambia Bibi, “Pumzika, chai tutamimina wenyewe.” Wanasema kwa upole mkubwa, wakiwa wameshika birika kwa mikono miwili. Tena kuna mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyezoea kula kwetu Jumapili. Sasa anakuja na chakula chake kwenye hotpoti, anakula mlangoni, anasifia mapishi yetu.

Halafu akaja askari. Kijana mdogo, mstaarabu, alivua kofia akasema, “Shikamoo, Bibi.” Na Bibi, kwa mazoea ya miaka yote, akamjibu, “Marahaba, mume wangu, mbona umekonda hivyo?” Yule kijana alirudi nyuma akakanyaga beseni la karanga. Kisha akaandika kwamba mshukiwa ameonyesha nia ya kuolewa tena.

6. Hapa naomba unifuate taratibu. Kama kaseti ni ushahidi, basi ni ushahidi wote, siyo ile sehemu ya ugali peke yake. Katika kaseti hiyo hiyo Bibi anamwita Elias mume, mara nyingi tu, na Elias anaitika. Gazeti lako limechapa. Kwa hiyo gazeti lako limewafungisha ndoa. Elias ana wake wawili, na mimi niliyefunga naye ndoa kanisani nimekuwa bi mdogo bila kuulizwa. Naomba basi utekeleze yafuatayo: umwandikie Paroko barua kumweleza kwa nini umeivunja sakramenti, umweleze baba mkwe wangu kwamba Elias sasa ni baba yake, ampe shikamoo, na kwa kuwa bi mkubwa lazima awe na nyumba yake, gazeti limjengee, na zamu za kumpikia Elias zigawanywe. Mimi nitachukua zile siku ambazo hayupo.

7. La mwisho sitalitania, maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Bibi ameacha utani. Elias akiingia, anamwambia, “Karibu, Bwana Elias.” Bwana! Mimi ananiita Mama Rebeka, kama mtu wa ofisi ya ardhi. Tunampa shikamoo, anaitika marahaba, na hapo maneno yanakuwa yameisha. Rebeka alimwuliza kwa nini hacheki, akamjibu kwamba maneno yake siku hizi yanatembea bila yeye. Shimba analazwa kimya, na mtoto yule hajazoea kimya, analia mpaka anapoteza sauti. Kikapu cha Bibi kimefungwa kamba, kipo mlangoni. Jumamosi anarudi Misungwi, kwenye nyumba ambayo ukuta mmoja umeanguka, akaishi peke yake.

Akiondoka, mimi sina wa kumwachia watoto, na kiwanda hakisubiri mtu. Wako wanawake wengi nje ya geti wenye visu vyao tayari. Lakini hata kazi nitaisamehe. Nisichoweza ni kukaa katika nyumba isiyo na wa kunichokoza. Sikujua kwamba ndicho kilichokuwa kinanipumzisha, Ndugu Mhariri. Natoka pale miguu imekufa ganzi kwa baridi ya mabuti, mikono inanuka sangara, na mtu ananipokea mlangoni akisema, “Karibu mke mwenza, nilidhani samaki wamekukata wewe.” Nikisikia hivyo napata nguvu ya kukoka moto. Hilo gazeti lako limelichukua, na sidhani kama unalo la kunirudishia.

Kwa hiyo naomba:

(a) Uchape ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kama zile zile, kwamba Bibi Wilhelmina hajaua mtu, na kwamba wanaoitana mume na mke hapa kwetu hawajaoana.

(b) Uajiri bibi mmoja ofisini kwako, mwenye akili zake timamu, asikilize kila kaseti ya kukiri kabla haijachapwa. Akicheka, kesi ifutwe.

(c) Mtu yeyote asihojiwe kuhusu kifo cha zamani mpaka mhoji awe amelima naye msimu mmoja. Owiti ana mikono laini sana kwa mtu anayejua mambo mengi hivyo.

(d) Umwandikie Elias barua ya kumwachisha upelelezi, yenye muhuri. Maneno yangu anayasikia, lakini muhuri ndio anaoutii. Usimseme vibaya. Ni mtu mzuri, tangu apunguzwe kazi hakuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na mimi nilifurahi kumwona ananyoa ndevu tena. Mwambie tu nafasi imejaa.

(e) Ukurasa wa “Damu ya Zamani” ufungwe kabisa, moja kwa moja, na pale ulipokuwa uweke bei za vitenge.

Nisalimie wachapaji wako na yule anayeandika vichwa vya habari, mwambie nimemsamehe lakini asipite Mirongo. Nisalimie mama yako kama yupo. Bibi yako kama yupo, msalimie zaidi, na umwombe radhi mapema kabla hujajua kosa ni lipi.

Mimi mwenye kukuheshimu bado,
Teodora Elias
(Shahidi wa Pili)

N.B. Ndugu Mhariri, kabla sijabandika stempu niliona ni haki nimsomee Bibi barua hii, kwa kuwa inamhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata Shimba. Kisha akasema, “Umeandika vizuri, mke mwenza. Ila hapo kwenye ugali umewaacha wakosee. Ule ugali uliletwa na wageni.” Nikamwuliza wageni gani. Akasema, “Wale waliokuja kumwomba Ndalahwa arekebishe mzani.” Nikamwuliza ni akina nani. Akatazama mlangoni kwanza, akasema mmoja wao bado yu hai, na kanisani anakaa benchi la mbele.

Kwa hiyo masahihisho ya (a) yasichapwe kwanza. Ukurasa usifungwe, nitauhitaji wote, na bei za vitenge zitafute pengine. Elias asiambiwe lolote, ana haraka, atamtisha Bibi. Kiwandani nimetuma ujumbe kwamba naumwa. Bibi naye hasafiri tena. Amesema hawezi kuniacha katikati ya habari, na tumefika pale alipowafungulia mlango wale wageni.