Hadubini Ndefu ya Swedi

Bwana Gaudence alipomkodolea macho tembo kwenye ile sarafu, Swedi alijua kwamba riziki yake imeshapatikana.

Sarafu ilikuwa dhahabu tupu, ya zama za Mjerumani, mali ya Bibi Stara. Kikongwe alimkabidhi mjukuu wake aitafutie mkufu, ili Shamimu, dada yake Swedi, aivae Ijumaa siku ya ndoa, kama walivyoivaa wanawake wote wa ukoo ule. Swedi hakwenda kwa sonara. Alikwenda kwa Abbasi, fundi shaba wa Majengo, akatengenezewa pacha wake. Mnunuzi angeonyeshwa ya bibi na kuuziwa ya Abbasi. Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Kila mtu Dodoma alikuwa mfanyabiashara, na Swedi hakuona kwa nini abaki nyuma.

Gaudence, mkubwa wa ofisi aliyeishi Area D, alikuwa msomi, na msomi hadanganywi hivi hivi; hutaka vifaa.

"Lazima niitazame kwa hadubini," alisema. "Tena niipige picha. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

"Sawa kabisa, mheshimiwa. Hadubini nitaitafuta mwenyewe."

Salha, mama wa makamo aliyeuza vifaa vikuukuu vya zahanati karibu na soko, alikuwa nazo mbili.

"Shikamoo, mama. Nataka ya kutazamia sarafu."

"Marahaba. Chukua hii fupi. Haikuzi sana, lakini taa yake inamulika kutoka juu, na kamera inakaa hapa. Ile ndefu ni ya kupimia damu. Taa iko chini, sarafu itaziba mwanga. Hutaona kitu."

Swedi akaichungulia sarafu kwa ile ndefu. Giza tupu! Alitamani kumkumbatia mama wa watu.

"Naikodi hiyo hiyo ndefu."

"Unaniachia nini?"

Ya shaba ilikuwa na kazi. Swedi akatoa ya bibi. "Kishaufu tu cha nyumbani, mama. Kina mkwaruzo hapa kwenye mkonga, kwa hiyo nitakijua."

"Haya," alisema Salha, akaitupia kwenye kopo la misumari.

Area D, Gaudence aliinama juu ya hadubini mpaka miwani ikamdondoka.

"Mbona naona giza?"

"Hongera, mheshimiwa! Ya bandia hupitisha mwanga. Dhahabu halisi inauzuia. Lakini wewe msomi, nani akufundishe?"

Gaudence akakohoa. "Naam, hilo linajulikana." Akalipiga picha lile giza kwa makini, kisha akalipa robo ya thamani ya sarafu, akiamini anamwibia kijana mjinga. Huyo tumwache na picha yake.

Siku ya tatu Swedi akarudisha hadubini, akapewa sarafu yake. Akautafuta mkwaruzo kwenye mkonga, ulikuwepo. Akaondoka akipiga mluzi, bila kumtazama Salha, ambaye tayari alikuwa anafunga mizigo ya safari. Hadubini ndefu ilipokuwa bado kwa Swedi, mama yule alikuwa ameipiga sarafu picha kwa ile fupi, pande zote mbili, kila mstari ukaonekana, kisha akampelekea Abbasi picha hizo. Abbasi alifanya kazi safi kuliko mara ya kwanza, maana Salha alimlipa papo hapo, na Swedi alikuwa bado anamzungusha.

Ijumaa wanawake walikusanyika. Bibi Stara, ambaye macho yake yalishafifia, alifanya kama afanyavyo kwa kila bibi harusi: aliidondosha sarafu juu ya jiwe la kusagia, ukumbi usikie inavyoimba.

Ikalia ko.

Vigelegele vikakatika. Shamimu akaanza kulia. Hela za Gaudence zilimjaa Swedi mfukoni, na zote zisingemnunua tembo yule hata nusu.

"Swedi," alisema Bibi, "sarafu yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Bibi! Tuitazame kwa hadubini. Wallahi haipitishi mwanga!"

"Hata mavi ya ng'ombe hayapitishi mwanga," alisema Bibi Stara.