Mwenyekiti Avuka Uwanda

Jumatatu, 3 Juni

Mkutano wa chama chetu cha baiskeli za gurudumu moja. Balaa tupu! Katibu ametoa hoja kwamba safari ya Jumapili isiwe ya kuzunguka mjini kama kawaida. Tuvuke uwanda wa juu, kilomita kumi na mbili, kila mtu juu ya gurudumu lake moja. Wanachama wote tisa wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti. Kule hakuna ukuta. Hakuna mti. Ni nyasi na upepo, basi.

Niliandike hapa, maana kwingine siwezi kulisema. Baiskeli ya gurudumu moja naimudu. Nikishakuwa juu nakwenda vizuri, hata mteremkoni. Kupanda ndiko kunakonishinda. Bila kitu cha kushika, sipandi. Mwaka wa nne huu! Mikutanoni nafika kabla ya wote, wanikute niko juu tayari, mkono ukutani kama mtu anayepumzika. Nikianguka njiani nasingizia msuli, nakokota baiskeli hadi kwenye mti. Katibu, daktari wa meno, huweka kiti katikati ya mapaja na kuruka juu huku anaendelea na mazungumzo. Simpendi.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji amepiga simu. Mke wangu atakuja Jumapili kututazama! Ni wiki ya saba sasa anakaa kwa huyo dada yake. Siku anaondoka alisema amechoka kuishi na mtu anayejua kila kitu. Neno hilo nimelipima sana. Jibu nimelipata: hajawahi kuniona nikifanya jambo kubwa. Akiniona navuka uwanda mzima, atarudi siku hiyo hiyo na sanduku lake.

Nyumba imepoa. Nakula nimesimama jikoni, sufuria mkononi. Nimepiga deki chumbani, endapo atarudi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Kazini kwetu tunatengeneza alama za barabarani. Nyuma ya karakana kuna rundo la nguzo zilizokataliwa kwa kupinda kidogo. Nimechukua kumi na mbili. Nimekata vibao, nimevipaka rangi nyeupe, nimechapa KM 1, KM 2, mpaka KM 12. Nani atauliza kibao cha kilomita kinafanya nini njiani? Nikianguka, nakifuata, najifanya nasoma, nashika, napanda. Msimamizi akauliza bidii hii imetoka wapi. Nikamwambia ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Nguzo zote zimesimama. Zege nimechanganya mwenyewe. Viganja vimetoka malengelenge. Mimi huanguka kila baada ya mita mia nne hivi, kwa hiyo hesabu haikai sawa, lakini nguzo hazikutosha.

Nikiwa kwenye KM 9, huyo katibu anakuja, yuko mazoezini. Akavishangaa vibao. Akauliza nani kaviweka. Nikasema ni ofisi yetu, kwa ushawishi wangu. Akasema jambo jema kama hili halifai kupita hivi hivi. Nikasema kweli kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Katibu ameandikia ofisi barua ya shukrani! Ukurasa mzima, na jina langu halimo! Msimamizi ameisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima, kisha akafungua daftari la kazi. Hakuna vibao. Hakuna kibali. Akaamuru ving'olewe leo leo kabla havijasababisha ajali. Wa kuving'oa? Mimi, kwa vile najua njia.

Msimamizi mwenyewe akaja pia. Alikaa kwenye gari, mlango wazi, anatafuna karanga na kuhesabu. Zege langu lilikuwa limeshika vizuri mno. Hadi KM 7 nilikuwa nataka kulia. Akauliza namdhania nani. Nikasema wahuni.

Jumamosi, 8 Juni

Njia mpya: mpini wa ufagio, nijiegemeze nao. Nimejaribu sebuleni. Nimeangukia kabati la vyombo. Lile jagi la kioo mke wangu alilopewa na mama yake siku ya harusi limevunjika vipande kumi na saba. Nimevikusanya kwenye bahasha. Nitasema paka. Hatuna paka.

Jumapili, 9 Juni

Nilifika wa kwanza, nikapanda kwa msaada wa ukuta wa duka la mwisho. Tukaondoka. Nilikuwa mbele! Kilomita nzima na ushee nilikuwa mbele, upepo mgongoni, nikajiona mtu. Kisha jiwe. Nikawaambia watangulie, kiongozi lazima ahakikishe hakuna anayeachwa nyuma. Wakatangulia. Wakawa nukta. Wakapotea.

Nimetembea uwanda ule peke yangu nikikokota baiskeli. Mashimo ya nguzo zangu yalikuwa wazi bado. Niliyahesabu.

Karibu na mwisho nikamwona mtu anakuja kwa miguu, sweta la bluu. Mke wangu. Wenzangu walikuwa wamefika zamani, naye akaamua kunifuata. Akauliza kulikoni. Nikasema nakagua barabara. Akanitazama. Akasema anajua siwezi kupanda, amejua tangu mwaka wa kwanza, aliniona kila asubuhi nikishika ukuta wa jikoni kwa nje. Hakuwa anacheka. Akasogea, akainamisha bega, akasema haya, shika hapa, panda, tumalizie pamoja.

Bega lake lilikuwa hapo, karibu kabisa. Wiki saba hakuna kitu nilichokitamani kuliko hicho. Nikamwambia asijisumbue, kupanda najua, ila muda wake haujafika.

Akafunga vifungo vya sweta, akatangulia. Nilimfuata nyuma, hatua mia hivi. Nilipofika mwisho watu walipiga makofi. Yeye alikuwa ndani ya gari la dada yake, kioo kimepandishwa.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu amepiga simu saa nne, niko karakana. Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Shemeji atakuja Jumamosi kuchukua nguo zake zilizobaki. Kisha akaniuliza swali moja: najua ni kwa nini? Nikamjibu najua, tena najua vizuri sana, asipoteze muda kunieleza. Akasema sawa. Akakata.

Sijui. Nimefikiri mchana kutwa, nimeharibu vibao viwili vya KATA KUSHOTO, na bado sijui. Inauma.

Jioni katibu amepita nyumbani. Anaoa mwezi ujao na ana wasiwasi, anatafuta mtu mzima wa kumshauri namna ya kuishi na mke. Nimemkaribisha sebuleni, nimemwelekeza kwa saa mbili nzima.