Soketi za Injinia Griffins

Griffins Wasike alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale Donholm, akingoja vijana wamalize kuosha gari lake, aliposikia wanawake wawili wakimbembeleza mtu awapunguzie bei ya pikapu. Masikio yakamsimama. Anayebembeleza bei ana pesa mahali, na Griffins alikuwa na huruma kubwa kwa watu wenye pesa. Hakupenda kuwaona wakihangaika nazo peke yao.

Tumjue huyu Griffins kabla hajafungua kinywa, maana akishakifungua hatutapata nafasi. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, na kalamu mbili mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kumwona akiandika nazo. Aliwahi kuuza mayai ya kware ya kuponya presha, viwanja ambavyo hata kunguru hawajawahi kuvitia machoni, na kazi za Ghuba ambazo waliozilipia walifika uwanja wa ndege tu. Siku hizi redio zote zilikuwa zikiimba magari ya stima, yale ya umeme, hewa safi na nchi isiyo na moshi, kwa hiyo Griffins naye alikuwa amejitunuku uinjinia. Machozi ya wajinga wa miaka yote hiyo alikuwa ameyageuza kitu kimoja, kijigari cheupe cha stima, mitumba kutoka Japani. Hakuwa na shamba wala mke, na chumba alikuwa amepanga. Kijigari hicho ndicho kilikuwa mali yake yote duniani. Alikipenda kwa moyo ambao hakuwahi kumpa binadamu yeyote.

"Mama, samahani kuwaingilia," alisema, akisimama. "Hiyo pikapu ni ya petroli?"

"Kwani kuna za uji?" akauliza yule mrefu. Huyo alikuwa Asenath Muhonja, muuza dagaa wa omena, anayewachukua soko la Muthurwa kuwauza mtaani, na mwenyekiti wa chama cha kina mama wa mtaa wa Mbotela. Mwenzake, aliyekumbatia mkoba kwa mikono miwili, alikuwa Njoki, mweka hazina.

"Basi mnanunua jeneza," Griffins akasema kwa huzuni. "Nchi inahama, mama. Petroli inakufa. Miaka michache tu, hiyo pikapu mtafugia kuku."

Mwenye pikapu alijaribu kuteta, lakini alikuwa amevaa kandambili, na nani amsikilize mtu wa kandambili mbele ya mtu wa kalamu mbili? Akawasha pikapu yake, ikakohoa moshi mweusi, akaondoka akiwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

"Sasa omena tutabebea nini?" Njoki akauliza. "Mkokoteni umetumaliza. Ukifika mtaani, wateja wameshanunua kwa wengine."

"Achaneni na kubeba." Sauti ya Griffins ikashuka, ikawa ile ya mtu anayetoa siri ya ukoo. "Kununua gari ni ushamba. Pesa iko kwa soketi."

"Soketi?"

"Soketi ya ukutani. Kampuni yangu inaziweka Eastlands yote, Jogoo Road mpaka Outer Ring. Kila gari ya stima lazima ilale imechomekwa mahali, ama siyo? Nyinyi mnanunua soketi zenu mapema, kabla matajiri wa mtaa wa Karen hawajashtuka. Wao wachomeke, nyinyi mlipwe."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hasa ukiwa umelala."

"Na nikifa?"

"Soketi haifi, mama. Watoto wanarithi."

Njoki akameza mate. Asenath hakuuliza swali hata moja la soketi. Alikuwa amelizunguka lile gari jeupe, akalichungulia kwa nyuma, akabonyeza kiti kwa kidole kama anayepima mkate.

"Hivi viti vinalala?"

"Vinalala flati," Griffins akasema, kwa maana hakuweza kuvumilia gari lake lisifiwe nusunusu. Akafungua mlango wa nyuma, akavilaza. "Humu unahamisha nyumba."

"Na haitaki petroli hata kidogo?"

"Hata harufu yake. Unachomeka, unalala, asubuhi unaenda Mombasa."

Huo ulikuwa uongo wa kukosa adabu. Betri ya gari lile ilikuwa imezeekea Japani, na safari ya kwenda mjini na kurudi ilimtoa Griffins jasho. Lakini mtu akishazoea kudanganya hapimi tena ni wapi pametosha. "Na hii ni ya kuonyesha tu," akaongeza. "Kuna zingine kumi zinashuka bandarini."

"Kumi," Asenath akasema, akatikisa kichwa kwa heshima. "Mungu amekuona, injinia."

Wiki ile Griffins alikunywa chai Mbotela mpaka akajua vikombe vyote vya Asenath kwa nyufa zao. Alichotaka kujua alikijua. Chama kilikuwa kimeweka akiba kwa miaka ili kinunue gari, na akiba hiyo ingenunua kijigari chake mara mbili na chenji ya nyama choma ibaki. Kila alipoitaja, Njoki aliukumbatia mkoba zaidi. Na kila alipoyarudia maneno ya petroli kufa na nchi kuhama, kina mama waliitikia kama wako kwenye ibada.

"Tumekuamini," Asenath akamwambia mwishowe. "Lakini pesa ya chama haitoki kwa mtu ambaye watu hawajamwona. Jumapili tuna harambee ya paa la kanisa. Kuja uwe mgeni wa heshima. Watu wakuone, wakujue. Jumatatu tukae tuongee mambo ya chama."

Hapa msomaji aliyekulia mitaa hii atajishika kichwa. Mgeni wa heshima wa harambee si mtu wa kuja kula pilau. Anawekwa kiti cha mbele ili mkono wake uonekane vizuri ukiingia mfukoni. Wanasiasa wenye vifua vipana wameingia kwenye viti hivyo wakicheka na kutoka wakipepesuka. Griffins alilijua hilo, lakini kiburi ni dawa ya kulevya. Alijiambia kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba atatupa chambo kidogo Jumapili na Jumatatu avue papa. Akatia sehemu ya vijisenti vyake kwenye bahasha, vingine mfukoni, akavaa koti, akaenda.

Kanisa lilikuwa la mabati, na lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Gari jeupe likaegeshwa mbele ya mlango mahali pa heshima. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Mbugua, fundi viatu siku za wiki, ambaye siku za harambee aligeuka mtu wa kuogopwa. Angeweza kumtoa maiti mchango.

Bahasha ikatolewa, ikasomwa, vigelegele vikapigwa. Griffins akadhani amemaliza.

"Hiyo ni salamu," Mbugua akasema kwa upole. "Injinia ametusalimia. Sasa tumpe nafasi atoe."

Akaletwa jogoo wa mnada. Watu wakapandisha bei shilingi kwa shilingi, kisha wote wakakunja mikono, wakamgeukia mgeni. Griffins akamnunua jogoo yule kwa bei ya mbuzi. Na kwa kuwa ni aibu mtu mkubwa kuondoka kanisani na kuku kwapani, ikabidi amrudishe kwa kanisa, naye Mbugua akampokea kwa shukrani na kumpiga mnada upya. Griffins akamnunua tena. Jogoo alimtazama kwa jicho moja, na Griffins akaona dharau ndani yake.

"Niko sawa," alijiambia, akihisi mfuko ulivyokonda. "Chambo tu hiki."

Ndipo Mbugua aliposhusha kipaza sauti, akasema taratibu, "Watu wa Mungu, kina mama hawa walikuwa wanunue pikapu ya petroli. Nani aliwaokoa?"

"Injinia," kanisa likajibu.

"Akawaambia petroli imefanya nini?"

"Imekufa."

"Sasa niwaulize swali moja. Kama petroli imekufa, omena watabebea nini?"

Bila mtu kuambiwa, vichwa vyote vikageukia mlangoni, ambako kijigari cheupe kilikuwa kikimetameta juani. Asenath akasimama katika vazi lake la kikundi, akapiga goti mbele yake, mikono pamoja.

"Baba injinia, sisi hatuna mdomo wa kuomba. Lakini ulituambia una magari kumi yanashuka bandarini. Kwa mtu wa magari kumi, moja ni kama kikombe cha maji kutoka mtungini."

Angesema nini? Angesema hakuna kumi? Pale safu ya mbele walikuwa wamekaa kina mama wote wa chama, na katikati yao Njoki na ule mkoba, akimtazama kwa macho ya mtu ambaye kesho ana kazi ya kusaini. Griffins akapiga hesabu ya haraka. Gari moja leo, magari mawili kesho. Bado faida ilikuwa yake. Ndege mjanja, wahenga walishasema, hunaswa na tundu bovu, na tundu hili halikuwa hata limefichwa.

Akasimama. "Nimetoa," akasema. Alikuwa analia kweli, machozi ya moyo, na kanisa zima likaamini ameguswa na Roho. Mchungaji akatoka na kupaka boneti mafuta. Shirleen, binti wa Njoki, ambaye ana saiba, kibanda cha intaneti, pale Mbotela, akaja na kompyuta yake ya mkononi, na kabla pilau haijapoa gari lilikuwa limeandikishwa jina la chama.

Jumatatu Griffins alienda Mbotela kwa miguu. Kina mama wote walikuwepo, wamempikia chapati. Akala mbili kwa ustaarabu, akafuta midomo, akaanza.

"Sasa, wamama, kuhusu soketi zetu."

"Eeh, soketi," Asenath akasema. "Tumenunua."

"Mmenunua wapi?"

"Kwa Matheka wa duka la hadiwea. Ile ya ukutani. Mume wa Njoki ameifunga, vijana wakasukuma gari mpaka kwake, na imelala imechomekwa vizuri kabisa. Asante kwa ushauri."

Griffins akacheka kidogo, kama mtu anayengoja wengine wacheke. Hawakucheka. "Mama, mimi naongea juu ya ile akiba."

"Akiba ilikuwa ya gari, injinia. Na gari tumepata. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo, tusinunue pikapu. Asubuhi tumegawana kila mtu chake. Shule zinafunguliwa."

Njoki akaufungua ule mkoba, akauelekeza kwake kwa adabu ili ajionee. Ndani kulikuwa na leso, miwani, na nusu ya chapati.

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Griffins akasimama na kuchapa meza. "Nitaenda polisi. Hii ni wizi."

"Twende wote," Asenath akasema, akichukua leso yake. "Utaanza kuwaeleza na soketi ama na magari kumi?"

Akakaa. Asenath akamwongeza chai. Pengine alimhurumia. Mimi singemhurumia, maana shemeji yangu alinunua kiwanja kwa watu wa namna hii na mpaka leo anakitafuta.

"Shida yetu imebaki moja," Asenath akasema. "Hakuna kati yetu anayejua kuendesha. Tunatafuta dereva wa kwenda Muthurwa na kurudi. Wewe unaijua hii gari. Mshahara si mkubwa, lakini samaki hutakosa."

Griffins akataka kumtukana. Kisha, ndani ya kichwa chake kile kisichotubu, taa ikawaka. Dereva hushika ufunguo. Mwenye ufunguo hushika barabara. Angelipeleka gari Nakuru, angelipaka rangi nyingine, angepata mnunuzi asiye na maswali. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Nitawatumikia," akasema.

Asubuhi ya kwanza walimpa ufunguo kabla jua halijachomoza vizuri. Asenath akakaa mbele, akafunga mkanda. Njoki akajibana nyuma, kando ya viti vilivyolazwa na masufuria ya kupimia. Griffins akawasha gari lake, yaani gari lao, na moyo ukamruka kwa furaha, halafu akatazama kipimo cha betri. Betri ilikuwa na chaji kidogo tu.

"Mama, mbona hamkujaza?"

"Tokeni za stima ni ghali," Asenath akasema. "Shirleen alipima jana. Hiyo inafika Muthurwa na kurudi, haizidi. Waya wa kuchajia nimefungia kwa kabati langu. Wewe endesha tu, baba. Ukikosea njia, utasukuma."

Wakaingia Jogoo Road polepole. Kule Muthurwa omena ilikuwa ikishushwa kutoka kwa lori, na Griffins, katika shati lake jeupe, akabeba gunia baada ya gunia hadi harufu ikaingia kwenye nguo na kwenye kalamu zote mbili. Hakuna kitu alichokichukia kama samaki. Lililomuuma zaidi lilikuwa kuona magamba yanavyomwagika juu ya viti ambavyo hakuwahi kumruhusu mtu avikanyage na viatu.

Kijana mmoja wa kupakia mizigo akalizunguka gari, akapiga mluzi.

"Niaje, dere. Hii ngari ni noma. Inaenda bila makelele? Ni ya nani?"

Griffins akafungua kinywa. Kinywa hicho hakikuwahi kukosa jibu, na majibu matatu yalikuwa tayari yamefika ulimini. Asenath alikuwa amesimama karibu naye akipima omena kwa kopo, na wala hakugeuka.

"Ni ya kina mama," Griffins akasema, akainama kuchukua gunia jingine.