Tafadhali Mwachie Masinde Ugonjwa Kidogo

Nyuma ya Stesheni,
Nakuru.
Jumamosi, 17 Machi 1951

Kwa Daktari wa Wagonjwa wa Fikira,

Bwana Daktari,

Kwa heshima na bila chuki nakuletea lalamiko kuhusu jirani yangu Masinde, fundi wa mabehewa, aliyepigana vita vya Burma na ambaye umekuwa ukimtibu kila Alhamisi tangu Januari. Mimi ni mwandishi wa habari. Mambo haya nimeyaona na kuyasikia mwenyewe.

Lalamiko lenyewe ni kwamba anapona.

1. Kwa miaka mitano, kila saa moja asubuhi mabehewa yalipogonganishwa stesheni, Masinde alipaza sauti, "Laleni chini!" Mtaa mzima ukalala chini, kisha tukainuka kwenda kazini. Jumanne iliyopita yaligongana, naye akaendelea kunywa uji. Watu wanne walichelewa.

2. Agosti mwaka jana, asubuhi na mapema, Kipkemei wa stesheni alikuja na wazee wake kumposa Cheptanui, binti wa jirani. Mabishano ya ng'ombe wa mahari yalifika pabaya, fimbo zikashikwa. Mabehewa yakagongana, Masinde akatoa amri, na pande zote mbili zikajikuta kifudifudi, pua kwa pua. Ni vigumu kumdai mtu ng'ombe wa sita mkiwa katika hali hiyo. Walikubaliana kabla ya kuinuka. Sasa mdogo wake Cheptanui anaposwa mwezi ujao. Nani atawalaza wazee?

3. Hili ndilo zito. Masinde anazungumza. Anasema kwako hukaa kitini akasimulia Burma, nawe humkatizi. Akirudi humsimulia mkewe Namalwa, na wiki hii walicheka mpaka tukawasikia ukutani. Ugonjwa huu wa kusema unaambukiza. Juzi bombani niliwasikia wanawake wawili:

"Wangu nikimuuliza ya Burma, ananiambia kulikuwa na mvua."

"Una bahati wewe. Wangu hata mvua hajaitaja!"

Mtaani, ukimtoa Masinde, wamo wanane waliorudi kutoka Burma. Saba nimewahoji. Wote walisema hawana la kusema, tena kwa ukali.

Kwa hiyo naomba umponye nusu. Mwachie asubuhi za kazi na siku za posa. Zilizobaki chukua wewe.

Wasalimie wauguzi, mpishi, na yule mzee wa langoni anayempigia Masinde saluti. Namalwa anakusalimu sana. Ila barua hii yeye haikubali hata kidogo.

Nabaki jirani wa mgonjwa wako,

Owuor

Baada ya barua: Leo asubuhi nilikuwa sijaifunga bahasha mabehewa yalipogongana. Masinde hakusema kitu. Nikajikuta chini ya meza, peke yangu. Miaka yote ile tulilala pamoja, na hakuna aliyeangalia nani alitangulia. Mke wangu Milcah, ambaye ndiye yule wa pili pale bombani, akainama. "Baba Zeddy, umepoteza nini huko?" Nikamwambia kalamu. "Si hiyo sikioni?" Kisha akaingia chini ya meza akakaa nami. Nikamtajia mvua.

Wa nane ni mimi. Alhamisi nitakuja, Masinde ameahidi kunishikia nafasi kwenye benchi. Tafadhali, mimi usiniponye nusu.